Kelvini Elfu Mbili na Mia Nne

Kwa furaha kubwa, na kwa niaba ya Manispaa ya Granmyrheda, ninatangaza kwamba tatizo la mwanga limekwisha. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, ile ya nne kabla ya Krismasi, kila dirisha ndani ya mipaka yetu linawaka kwa joto moja la rangi, yaani kelvini elfu mbili na mia nne, bila kuzidi wala kupungua. Isipokuwa dirisha moja. Hilo nitalifikia kwa utaratibu.

Mimi naitwa Sixten Hallbom, Mkuu wa Kitengo cha Ulinganifu wa Mwanga wa Madirishani. Kitengo kina mtu mmoja tu, lakini huyo mmoja ni mkuu, na katika utumishi wa umma hilo ndilo la kwanza kuzingatiwa.

Mwezi wa Desemba jua la kwetu huchungulia saa nne asubuhi, huona hali ilivyo, na kurudi kulala kabla ya saa nane mchana. Ndiyo maana kila nyumba huweka kinara dirishani, kile cha mbao chenye globu saba ndogo zilizopanda na kushuka kama paa. Ni globu za waya, zile za kizamani zenye uzi mwembamba unaoiva hadi ukawaka. Globu kubwa za namna hiyo zilishapigwa marufuku Ulaya nzima. Hizi ndogo zilipona kwa sababu ya udogo wao, jambo ambalo watumishi wengi wa manispaa tunalielewa vizuri. Kinara hakina swichi. Globu zote saba zimeshikana kwenye njia moja ya umeme: ikilegea moja, zote zinalala. Ukitaka kuzima unaizungusha kidogo ile ya juu kabisa, ukitaka kuwasha unaikaza. Bibi yangu alifanya hivyo kila Majilio, na ncha za vidole vyake zilikuwa na alama za kuungua hadi tunamzika.

Tatizo lilianza pale mwenyekiti wetu, Birger Qvarnlund, alipopata habari kwamba mkuu wa mkoa atakuja Jumapili ya kwanza ya Majilio akiwa na Bango la Mwanga wa Utulivu. Bango hilo la shaba hupewa manispaa moja kila mwaka. Mwaka uliotangulia lilikwenda Storhällan, manispaa ambayo, tuseme ukweli, ina makutano mamoja ya barabara na majivuno ya miji mitatu.

Birger aliniita dirishani kwake ofisini. Kwetu hata mwenyekiti tunamwita kwa jina lake. Cheo tunakisikia kwenye namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema.

"Sixten, tazama mtaa ule. Unaona nini?"

"Naona madirisha yanawaka, Birger."

"Tazama tena. Lile ni la siagi. Lile ni la kiini cha yai. Lile la pale kwenye kona sijui ni la nini, nadhani ni la kitunguu. Mkuu wa mkoa akipita hapa ataona kinywa cha mzee, kila jino na rangi yake."

Nilitazama tena na kwa kweli nikaona kinywa cha mzee. Huo ndio uongozi.

Ikaundwa Kamati ya Joto la Rangi. Tulikutana kwenye chumba cha chini cha ukumbi wa manispaa, ambako hakuna dirisha, ili mwanga wa nje usituharibie maamuzi, ingawa nje hakukuwa na mwanga wowote. Mezani paliwekwa globu za kila aina na vielelezo viwili rasmi: andazi la mdalasini, na uso wa Birger. Mwanga sahihi ungekuwa ule unaolifanya andazi lionekane limetoka jikoni sasa hivi, na uso wa Birger uonekane umelala vizuri.

Birger alifungua kikao kwa kukata kauli. "Manispaa yetu ni ya watu wenye joto. Sixten, andika namba kubwa kuliko zote."

"Namba ikipanda, Birger, mwanga unazidi kuwa mweupe. Unaonekana wa baridi."

"Namba ya joto ikipanda, baridi inaongezeka?"

"Kwa macho, ndiyo."

Alikunja mikono kifuani kama mtu aliyekuwa akilijua hilo siku zote. "Ndicho nilichokuwa najaribu kuwaeleza," akasema. Kwa usalama zaidi suala hilo la fizikia lilipigiwa kura, likapita kwa tofauti ya kura chache.

Wajumbe wa ng'ambo ya mto walitaka elfu mbili na mia tatu, kwa hoja kwamba babu zao walikuwa na taa za mafuta na hawakulalamika. Wajumbe wa upande wa kanisani walitaka elfu mbili na mia tano, kwa sababu ng'ambo ya mto walitaka mia tatu. Tulikunywa kahawa. Tulikunywa kahawa tena. Mjumbe mmoja akasema kwamba chini ya globu ya mia tatu andazi linaonekana kama limeungua, na mwenzake wa ng'ambo akamjibu kwamba huenda limeungua kweli, kwani lilipikwa na nani. Hali ya hewa ikachafuka. Ndipo mimi, kwa unyenyekevu, nikapendekeza elfu mbili na mia nne, namba ambayo hakuna hata mtu mmoja aliyeitaka, na kwa sababu hiyo ikapita bila kupingwa. Vifijo havikupigwa, kwetu vifijo huonekana ni kujionyesha. Lakini mtu mmoja aliinamisha kichwa kukubali.

Kiwanda kimoja cha mbali kikakubali kututengenezea, tukagawa globu mpya mlango kwa mlango na kukusanya zile za zamani. Nilipewa kipimo, kifaa kidogo chenye jicho la kioo. Ukikielekeza kwenye globu kinakuambia kelvini zake. Ninakipenda kipimo hicho na sioni sababu ya kuficha. Nilipita na kipimo mtaa baada ya mtaa, na watu wa Granmyrheda, ambao husimama kwenye foleni hata wakiwa peke yao, walibadilisha globu zao bila neno.

Isipokuwa Valborg Stenman.

Valborg ana miaka themanini na ushei. Nyumba yake iko Mtaa wa Kiwandani, kwenye ule mstari mrefu wa nyumba zilizoungana, nyekundu zote, zenye kona nyeupe zote, zilizojengwa na manispaa enzi ambazo usawa ulikuwa unapimwa kwa rula. Birger mwenyewe anaishi mtaa huohuo, makusudi, ili aonekane mtu wa watu. Valborg alikuwa amebadilisha globu sita. Ya saba, ile ya juu kabisa, ilikuwa ya aina nyingine kabisa, nyeupe, kali. Kipimo kilisoma elfu mbili na mia tisa. Nilikitikisa nikidhani kimeharibika.

"Kaa, Sixten," alisema Valborg. "Kitikise huku umekaa. Kahawa iko tayari."

"Valborg, hii globu haimo kwenye viwango."

"Haijawahi kuwamo. Helmer aliitoa kwenye droo ya kiwanda cha mbao tulipokuwa tunafanya kazi kule. Ilipaswa kuungua zamani. Ni kaidi."

"Utaibadilisha lini?"

"Sitaibadilisha. Kula andazi."

Nilikula andazi, kwa kuwa kukataa kungechukuliwa vibaya, kisha nikamweleza umuhimu wa ulinganifu kwa ustawi wa jamii. Alinisikiliza vizuri sana. Halafu akaniashiria dirishani, kwenye kilima, ambako taa za nyumba ya wazee zilikuwa zinaonekana kati ya misonobari.

"Helmer yuko kule, chumba cha mwisho. Macho yake yamebakiwa na ukungu tu. Taa zote anaziona madoa ya njano. Ila hii nyeupe anaitambua. Saa moja asubuhi nakaza globu, anaona doa jeupe, anajua nimeamka mzima. Naye anazima na kuwasha ya kwake mara mbili, najua ameamka mzima. Jioni tunarudia tunapokwenda kulala. Nisipowasha, anaita watu wa dharura. Ndiyo makubaliano."

"Si mpigiane simu tu?"

"Kuongea kwenye simu anaweza. Kusikia ndiyo kazi. Ukimwambia nyumba inaungua anajibu vizuri, asante, na wewe je."

"Kwani Helmer ni nani wako?"

Valborg alipanga vikombe ambavyo vilikuwa tayari vimepangwa. "Tumefahamiana miaka sitini," alisema. "Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze kusema. Sasa ndio hivyo, tunasemeshana kwa globu."

Nilijisikia vibaya, nasema wazi. Nikaenda kwa Birger kumwombea ruhusa maalumu.

"Ruhusa maalumu?" Birger alivuta pumzi. "Leo globu moja ya Valborg, kesho mtu ataweka ya kijani kwa sababu shangazi yake anapenda chura. Mkuu wa mkoa anakuja Jumapili, Sixten. Tusije tukalikosa bango kwa sababu ya macho ya mzee mmoja."

"Na Helmer?"

"Helmer ataona mtaa mzima unapendeza. Afurahi."

Nilirudi Mtaa wa Kiwandani. Valborg hakunizuia. Alisimama kando, mikono kwenye aproni, akanitazama nikiizungusha ile globu nyeupe, na zote saba zikalala kwa pamoja, jiko likawa giza. Niliweka ya kiwango nikaikaza, zikawaka zote, elfu mbili na mia nne kila moja, safi kabisa. Globu nyeupe nikaitia mfukoni kama kielelezo.

"Imekuwa nzuri, siyo?" nikasema.

"Imekuwa kama ya jirani," alisema Valborg.

Sasa niende kwenye matokeo, ambayo kwa ujumla yalikuwa ya kutia moyo.

Theluji ilianguka siku mbili mfululizo, ikafunika namba za nyumba, magari, vichaka na kila kitu ambacho mtu angeweza kukitumia kama alama. Zikabaki nyumba nyekundu na madirisha yanayofanana. Ndipo ikagundulika kwamba watu wetu, bila wao wenyewe kujua, walikuwa wamezoea kufika nyumbani kwa kufuata rangi ya dirisha. Huyu alikuwa anafuata ile ya siagi, yule ya kiini cha yai. Sasa hakukuwa na siagi wala yai. Na milango kwetu haifungwi kwa funguo. Ukitoka unaegemeza ufagio mlangoni, na huo unatosha kusema kwamba hakuna mtu ndani.

Watu wakaanza kuingia nyumba zisizo zao. Kwa watu wa kwingine jambo hilo lingekwisha kwa dakika moja: samahani, nimekosea, kwaheri. Kwetu mambo ni tofauti. Anayeingia huvua viatu na kutundika koti kabla ya kuinua macho. Mwenye nyumba, akimkuta mtu ameshavua viatu, hawezi kumwambia amekosea, maana huko kutakuwa kumwaibisha. Basi anamwekea kahawa. Mgeni, akishaona kahawa, anaelewa kwamba amepotea, lakini kuondoka bila kunywa kutakuwa kumwaibisha mwenyeji. Mhasibu mmoja alikula soseji kwa watu ambao hajawahi kusalimiana nao, siku ya pili akarudi, akakuta wamemtengea sahani. Mimi mwenyewe nilitazama nusu ya taarifa ya habari kabla ya kutambua kwamba mbwa aliyelalia miguu yangu ni wa kweli. Sina mbwa. Mwenye mbwa alinisindikiza hadi mlangoni, akasema ilikuwa vizuri kuniona.

Katika taarifa yangu kwa kamati niliandika kwamba ujirani umeimarika kwa kiwango kisichotarajiwa. Birger aliisoma akafurahi. Yeye alikuwa hajapotea bado, kwa kuwa juma hilo lote dereva wa manispaa alikuwa anamshusha mlangoni, na dereva alikuwa amechomeka ufito kwenye theluji kama alama. Jumamosi gari la kuondoa theluji likapita, likaondoka na ule ufito.

Kwa upande wa Helmer, asubuhi ya kwanza hakuliona doa jeupe. Akawaita watu wa dharura. Walimkuta Valborg anakaanga mayai, wakala, wakaondoka. Asubuhi ya pili wakaja tena. Ya tatu wakaja wakiwa na hamu ya mayai. Ya nne mhudumu wa kule kilimani alimwandikia Helmer kwa maandishi makubwa kwamba asiwasumbue tena watu wa dharura, Valborg mzima. Helmer aliuliza wamejuaje. Mhudumu akaandika kwamba kama angekuwa si mzima wangeambiwa. Tangu hapo Helmer alikuwa anakaa dirishani amevaa koti na kofia, anazima na kuwasha taa yake mara mbili, tena mara mbili, na Valborg huku chini akilegeza na kukaza globu yake hadi vidole vinauma, na mzee hamuoni. Niliiona taa ile ya kilimani nikiwa kwenye ukaguzi. Niliielekezea kipimo, lakini ilikuwa mbali mno, hakikusoma kitu.

Jumapili ikafika. Baridi ilikuwa ya kugandisha kope. Mkuu wa mkoa, Dagny Rosenhjelm, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alisikiliza kwaya, akasikiliza hotuba ya Birger, akasifu madirisha. Ratiba ilisema kwamba baada ya hapo mwenyekiti atamkaribisha nyumbani kwake kwa kahawa, ajionee mwanga wa kiwango kutokea ndani, na hapohapo bango litakabidhiwa. Birger alisema tutembee, ni hatua chache tu. Mimi nilifuata nyuma nimelibeba bango kwapani. Kipimo kilikuwa mfuko wa kulia, globu ya Valborg mfuko wa kushoto, kwa kuwa kielelezo hakiachwi ofisini.

Tukaingia Mtaa wa Kiwandani. Madirisha yalikuwa yanawaka kwa mstari, sawasawa, kila moja pacha wa mwenzake. Moyo wangu ulijaa fahari. Birger akapunguza mwendo.

"Sixten," alininong'oneza. "Ni ipi?"

"Ipi nini?"

"Nyumba yangu."

"Zote ni elfu mbili na mia nne, Birger."

"Kuna tatizo?" aliuliza Dagny.

"Hakuna kabisa. Nawapa nafasi mfurahie."

Tukafurahia hadi mwisho wa mtaa, tukarudi, tukafurahia tena. Ncha ya pua ya mkuu wa mkoa ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Birger akapiga moyo konde, akashika kitasa cha mlango mmoja, akaufungua kwa nguvu za mwenye mali. "Karibu nyumbani kwangu," akasema, akavua viatu, akatundika koti. Dagny naye akavua. Mimi nilisikia harufu ya maandazi nikajua mara moja tuko wapi, lakini ningesema nini? Watu walikuwa wameshabaki na soksi.

Valborg akatokea jikoni. Alimtazama Birger, akazitazama soksi zake, akamtazama Dagny. Birger alikuwa na njia mbili: aseme mbele ya mkuu wa mkoa kwamba kile anachokiombea bango kimempotezea nyumba yake mwenyewe, au asonge mbele. Akasonga mbele.

"Dagny," alisema, "huyu ni mama yangu."

Valborg alimtazama kama mtu anayetazama samaki ambaye muuzaji anadai amevuliwa leo. "Mwanangu," alisema hatimaye. "Umechelewa. Kuni zimekwisha."

"Kuni," alisema Birger.

"Unajua zilipo."

Hakujua zilipo. Alifungua kabati la kwanza, yakamwangukia mafagio. Alifungua mlango wa pili, akasimama muda akitazama choo. "Tangu utotoni hivyohivyo," Valborg alimwambia Dagny. "Utadhani hajawahi kuishi humu." Dagny akasema inapendeza kuona mwenyekiti anayemletea mama yake kuni. Birger akatoka nje na soksi, akarudi amekumbatia kuni, theluji hadi magotini, akaambiwa azipange vizuri, akazipanga.

Tulikuwa tumeshamiminiwa kahawa mlango ulipofunguka tena. Akaingia mzee mmoja, kofia imeganda, ndevu zimeganda, mikono imejikunja kama bado imeshika kitu. Nje, kwenye theluji, alikuwa ameacha kile kiti chetu cha kuteleza, kile unachosimama nyuma yake ukasukuma kwa mguu mmoja. Alikuwa ameshuka nacho kutoka kilimani.

"Samahani," alisema, hamtazami mtu yeyote. "Namtafuta Valborg. Nimeingia nyumba nyingi, zote wamenipa kahawa. Hakuna anayeniambia kama yuko hai."

Valborg aliweka birika chini, si mezani, chini kabisa sakafuni, na sikuwahi kumwona akikosea hivyo. Alimshika Helmer mikono, akamvuta karibu na jiko, akaanza kuisugua. "Mzee mpumbavu wewe," alikuwa anasema. "Kwa baridi hii. Na koti halijafungwa. Mzee mpumbavu." Helmer alikuwa anacheka bila sauti, machozi na barafu vinateremka pamoja ndevuni. Kwa kweli nilishindwa kutazama. Nilitoa kipimo nikakitazama hicho.

Dagny aliinuka kumpisha kiti. "Na huyu ni nani?" akauliza.

Birger alikuwa ameshazama shingoni, na mtu akizama shingoni haulizi tena kina. "Baba," alisema.

"Anasemaje?" aliuliza Helmer.

"Anasema wewe ni baba yake," Valborg alimwambia kwa sauti ya juu, mdomo karibu na sikio.

Helmer alifikiri. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

"Na mama yake nani?"

"Mimi."

Helmer alifikiri tena, kwa muda mrefu zaidi, bado mikono yake imo ndani ya mikono ya Valborg. "Miaka sitini najiuliza nianzie wapi," alisema, "kumbe manispaa inashughulikia."

Dagny aligeuka, akauliza kwa upole ule ule kwa nini mzee wa watu atembee nje kwenye baridi kama hiyo kumtafuta mke wake. Valborg akamweleza: doa jeupe, saa moja asubuhi, mara mbili. Akamweleza kwamba globu ilichukuliwa.

"Ilichukuliwa na nani?"

Nilimtazama Birger. Birger alizitazama kuni.

"Mwanangu," alisema Valborg, "mrudishie mama yako globu yake."

Birger aligeuka kutoka kwenye kuni. Nadhani hotuba tatu zilipita kichwani mwake zikakosa pa kutokea. "Sixten," akasema.

Nilienda dirishani. Nililegeza globu ya juu, zote zikalala. Nikaweka ile nyeupe, nikakaza, zikaamka. Kwa mazoea nilipima. Elfu mbili na mia tisa. Helmer aliinua uso kutoka kwenye kiti chake, akageuza kichwa pole pole hadi doa likakaa mahali pake.

"Ndiyo hiyo," alisema.

Dagny alitoka nje na viatu vya Valborg, akasimama katikati ya mtaa, akautazama mstari mzima. Aliporudi alikuwa amefurahi. Alisema kwamba utulivu wa kweli ni mtu kujua aendako, na kwamba bango litapigiliwa hapa, kwenye mlango wa nyumba ya mwenyekiti, leo hii, na nyundo iko wapi. Birger hakujua nyundo iko wapi. Mama yake akamwonyesha. Alilipigilia bango mwenyewe, kwa misumari minne, akikosea kidole mara moja.

Nilimsindikiza mkuu wa mkoa hadi garini. Mlangoni alikuwa amempa Birger mkono, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Nilipokuwa msichana nilifanya kazi za likizo pale kiwanda cha mbao," alimwambia. "Valborg ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Hakuwa na mtoto wakati ule. Naona mambo yamemwendea vizuri."

Birger alifungua mdomo, baridi ikaingia.

"Nitakuwa napita kunywa kahawa kwa mama yako," Dagny aliendelea. "Sitatoa taarifa, mimi si mtu wa makuu. Nitafurahi kukukuta nyumbani."

Kwa hiyo utekelezaji unaendelea vizuri. Kiwango cha manispaa ni elfu mbili na mia nne, na kipimo ninacho. Watu wa Mtaa wa Kiwandani hawapotei tena. Kila mmoja anajua nyumba yake ni ya ngapi kutoka kwenye globu nyeupe, kulia au kushoto, ingawa mhasibu bado huenda kula soseji kulekule kwa hiari yake. Helmer amehama kutoka kilimani. Hakuna tena sababu ya kuwasha saa moja asubuhi, lakini huwa anaamka, anakaza globu mwenyewe, anaungua kidole, anamwamsha Valborg kumwambia kwamba ni mzima.

Na kila jioni, dereva akishamshusha mwanzo wa mtaa, Birger Qvarnlund huingia mlango wenye bango. Huvua viatu, huleta kuni, huuliza kama mkuu wa mkoa amepita. Akishakunywa kahawa husimama ukumbini akizungusha kofia mkononi, mpaka Valborg amhurumie.

"Mlango wa nne kushoto, mwanangu," humwambia, na mwenyekiti wa manispaa huvaa viatu, hutoka nje, huipa mgongo ile globu nyeupe, na kuanza kuhesabu.